Mluzi Kabla ya Wimbo wa Tatu

Faili lilikuwa na karatasi tatu tu. Ya kwanza ilikuwa malalamiko ya mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa mpiga picha za eksirei hospitalini kwa miaka thelathini na nne: ameibiwa santuri moja, na mahali pake ikawekwa nyingine inayofanana nayo. Ya pili ilikuwa ripoti ya konstebo aliyekwenda kuangalia. Ya tatu ilikuwa orodha ya vitu alivyokutwa navyo mshukiwa, mfanyakazi wa nyumbani kwa mzee huyo: leso, ufunguo wa mlango wa mbele, na ratiba ya mitihani ya wanawe mapacha.

Inspekta alizisoma zote akiwa amesimama, kisha akaangalia saa ya ukutani. Saa tatu kasorobo, Alhamisi. Kesho muda kama huo mwanamke yule angekuwa njiani kwenda mahakamani. Mtu akishasomewa shitaka la kumwibia mwajiri wake, hata akija kuachiwa, hakuna nyumba itakayomkabidhi tena ufunguo.

"Umemkamata kwa sababu gani hasa?" alimuuliza konstebo.

"Afande, ndiye pekee mwenye ufunguo. Halafu bahasha ya ndani ya hiyo santuri inanukia karafuu. Nimeandika hapo. Viungo vya jikoni, na mpishi ni yeye."

"Ulifungua kabati la jikoni?"

Konstebo aliangalia viatu vyake.

"Basi aliyemkamata ni pua yako," Inspekta alisema, akachukua funguo za mahabusu.

Mwanamke huyo, ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha, alikuwa ameketi juu ya boksi lililokunjuliwa, mgongo ukutani. Inspekta alitarajia machozi. Alimkuta mtu aliyeudhika. Kwanza Mama Pacha alitaka kujua nani anawapikia wanawe, na alipoambiwa kuwa dada yake amewachukua tangu Jumanne, akakohoa, akaanza kueleza bila kuzunguka.

Alikuwa na mwaka wa sita katika nyumba ile. Kila Ijumaa alasiri Mzee aliweka santuri ileile: muziki wa roki, uliorekodiwa jukwaani mbele ya watu, wenye makelele na magitaa yanayolia kama mashine ya kuranda mbao. Yeye hakuupenda hata kidogo. Lakini kabla ya wimbo wa tatu, makofi yakiwa yanafifia, kulikuwa na mtu katika umati aliyepiga mluzi mrefu unaopanda na kushuka. Mama Pacha alikuwa amezoea kuujibu kutoka jikoni. Kisha Ijumaa moja akakaa tayari, midomo ameshaibana, na mluzi haukuja.

"Nikamwambia, Mzee, leo yule mtu wako hakupiga mluzi. Akanikata jicho. Akasema amepiga, mimi ndiye sikusikia. Mimi, Afande! Mimi namsikia pacha wangu akifungua friji nikiwa bafuni naoga."

"Ilikuwa Ijumaa ipi?"

"Wiki wanangu walipoanza mitihani ya majaribio. Ijumaa ya kabla yake mluzi ulikuwepo. Baada ya hapo, Ijumaa nne, hakuna." Alinyoosha miguu. "Nikuulize na mimi. Mwizi gani anaiba kitu, halafu anakwenda kumwambia mwenyewe kuwa hakipo?"

Inspekta aliandika tarehe mbili kwenye daftari na kuzipigia mstari. Kati ya Ijumaa hizo mbili kulikuwa na siku sita.

Nyumba ya Mzee ilikuwa mwisho wa barabara, yenye ngazi tatu zilizofagiliwa vibaya, kwa sababu siku hizi mbili alikuwa akizifagia mwenyewe. Alifungua mlango akiwa amevaa glavu nyeupe za pamba. Sebule ilikuwa na kiti kimoja kizuri, kingine cha wageni, gramafoni juu ya meza nzito, na ukuta mzima wa santuri. Kila moja ilisimama wima ndani ya bahasha kubwa ya kaki, zile za kutilia picha za eksirei, na juu yake maandishi ya herufi za mraba.

Hakuwa na hata moja ya studio. Inspekta alipouliza kwa nini, Mzee alimtazama kama mtu aliyeuliza mfupa ni kitu gani.

"Studio mwimbaji anarudia mara ishirini mpaka apendeze. Ile ni picha ya pasipoti. Ya jukwaani ndiyo eksirei. Kamba ya gitaa ikikatika, imekatika, na utaisikia mpaka siku utakayokufa."

Alikwenda jikoni kubandika birika la chai, akarudi, akaketi, akasimulia. Alipokuwa mwanafunzi nchi za mbali, yeye na mkewe walikuwemo ukumbini usiku ule santuri ile iliporekodiwa. Kabla ya wimbo wa tatu mkewe alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Mwaka uliofuata santuri ikatoka, na mluzi ukiwemo. Lakini ukiwemo kwenye toleo la kwanza tu. Lilipokwisha, kiwanda kikatoa la pili, wakakata kelele za katikati ya nyimbo ili ipendeze, na mluzi ukaenda na kelele. Mkewe alikuwa na miaka tisa kaburini.

Jumatatu mwanawe alikuja kupiga picha santuri zote ili wawe na orodha. Wakasoma namba ndogo iliyochorwa kwa ncha ya chuma pembeni mwa lebo. Ilikuwa ya toleo la pili. Jalada lilikuwa lake yeye, lenye sahihi ya mkewe kwa kalamu ya bluu, lakini sahani ya santuri iliyokuwa ndani ilikuwa ya mtu mwingine.

Alikuwa bado anaeleza habari ya namba birika lilipoanza kulia jikoni. Lililia kwa sauti nyembamba, kali. Mzee aliendelea kueleza. Lilizidi. Mzee aliinua kidole kuonyesha mahali namba inapochorwa. Inspekta alisimama, akaenda kulizima.

Kwa kuwa alikuwa jikoni tayari, alifungua makabati. Chumvi, sukari, majani ya chai, unga, shayiri. Hakukuwa na karafuu, wala tangawizi, wala pilipili. Kwenye mlango wa friji kulikuwa na karatasi ya daktari iliyobandikwa kwa sumaku: vidonda vya tumbo, asile viungo vya aina yoyote. Karatasi ilikuwa imegeuka njano. Ilikuwa ya miaka minne nyuma.

"Umekwenda wapi?" Mzee aliuliza Inspekta aliporudi.

"Birika lilikuwa linalia."

Mzee alirekebisha glavu zake. Zilikuwa hazijakaa vibaya.

Inspekta alimkumbusha kwamba mfanyakazi wake alimweleza mapema kuwa mluzi umetoweka. Mzee alisema hakumbuki. Inspekta akamtajia siku yenyewe na maneno yenyewe.

"Masikio yangu hayana shida," Mzee alisema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari ya masikio. Inspekta aliliandika hilo pia, kisha akaendelea na maswali yake ya kawaida. Nani huingia humu? Hakuna. Mwanawe, Jumatatu ile. Na rafiki yake daktari wa meno, kila Ijumaa, lakini huyo si mgeni, huyo ni kama kiti. Santuri imewahi kutoka nje? Kutoka hapa iende wapi? Haijawahi.

Inspekta alipitisha kidole kwenye ukingo wa santuri moja, kisha nyingine. Hakuna vumbi hata chembe.

"Nani anazisafisha?"

"Zinaoshwa kwa mashine. Kitambaa kinakwaruza."

Inspekta aliangalia huku na huku. Sebuleni hakukuwa na mashine ya kuoshea kitu chochote, na jikoni alikuwa ametoka sasa hivi. Hakumsumbua zaidi. Aliomba bahasha ya ndani ya santuri ile kama kielelezo, akainusa mlangoni. Konstebo hakudanganya, ilikuwa karafuu. Ila ilikuwa karafuu iliyochanganyika na kitu kingine, kikali, kisafi, ambacho hakikuwa cha jikoni.

Toleo la pili lazima lilinunuliwa mahali. Mjini kulikuwa na duka moja tu la santuri kuukuu, limebanwa kati ya fundi saa na duka la rangi. Mwenye duka alikuwa mwembamba kupita kiasi na watu walimwita Sindano. Yeye alisema jina hilo ni kwa sababu anaweza kujua sindano ya gramafoni iliyochoka kwa kuisikiliza tu. Wateja wake walisema si hivyo.

Sindano aliikumbuka santuri ile bila kufungua daftari. Ilikuwa Jumatano, wiki tano zilizopita. Inspekta alihesabu: Jumatano hiyo iliangukia ndani ya zile siku sita.

"Siwezi kusahau, Afande. Nimekaa kwenye duka hili miaka ishirini na sita, sijawahi kuona. Mteja alichukua sahani, akaniachia jalada. Nikamwambia, jalada lako hili hapa. Akasema aliyemtuma hataki jalada, anataka kilichomo tu. Hata niliposisitiza. Yaani mtu ananunua nyumba anasema paa bakini nalo."

Aliinama chini ya meza akatoka na jalada tupu, likiwa limefungwa kwenye nailoni kama yatima aliyevalishwa vizuri. Inspekta aliligeuza. Kwa mkusanyaji, alieleza Sindano, jalada ni nusu ya mali. Hakuna mkusanyaji anayeliacha. Na asiye mkusanyaji hana haja na santuri hii kabisa.

Kulikuwa na mtu wa aina moja tu ambaye hangelihitaji, Inspekta aliona: yule ambaye jalada tayari analo, na kilichomtoka ni sahani.

"Mteja alikuwa mwanamume?"

"Mwanamke."

Hapo Inspekta alitoa picha ya Mama Pacha kwenye faili, akaiweka juu ya meza. Kama Sindano angetikisa kichwa kukubali, kazi ya asubuhi yote ingekuwa imekufa.

Sindano alivaa miwani, akaivua. "Siye. Yule wangu alikuwa binti, amevaa viatu vyeupe vya mpira vilivyotobolewatobolewa. Wala hakujua anachonunua. Alisoma kwenye karatasi."

"Karatasi aliondoka nayo?"

"Aliniachia, nipate kuitafuta santuri. Mimi situpi kitu." Alitia vidole viwili ndani ya jalada tupu, akavuta kipande cha karatasi kilichochanwa katikati.

Upande mmoja kulikuwa na jina la albamu, mwaka, na maneno mawili kwa mwandiko wa haraka: sahani tu. Inspekta aliigeuza. Upande wa pili ulikuwa umechapwa mchoro wa taya mbili, ya juu na ya chini, kila jino na namba yake.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza. Harufu ilimpokea kwenye ngazi kabla ya mlango: mafuta ya karafuu, na chini yake dawa ya kuua vijidudu. Binti wa mapokezi alikuwa na viatu vyeupe vyenye matundu. Inspekta alimsalimia, akaonyesha kitambulisho, akapita.

Daktari alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mikono midogo. Alimkaribisha aketi, na kiti pekee kilichokuwepo kilikuwa cha wagonjwa. Inspekta alikataa. Kwa kuwa aliendelea kusimama kati yake na mlango, mwisho Daktari ndiye aliyekikalia, miguu juu, taa usoni.

"Daktari, santuri iko wapi?"

Hakuuliza ni santuri ipi. Alinyoosha mkono akavuta mtoto wa meza wa chini kabisa. Ndani, ikiwa imezungushiwa kitambaa wanachofungwa wagonjwa shingoni, kulikuwa na sahani nyeusi ambayo ukingo wake ulipanda na kushuka kama jani la kabichi.

Alieleza yote, na Inspekta alimwacha aeleze. Kwenye kona kulikuwa na beseni la chuma linalotikisa maji mpaka uchafu uachie vyuma vya kutibia meno. Miaka miwili nyuma alikuwa amelitengenezea mhimili, santuri ikae wima, izunguke taratibu huku lebo ikibaki nje ya maji. Hakuna njia safi kuliko hiyo. Kila mwezi alichukua tano za Mzee na kuzirudisha. Wao hawakuita hiyo kutoka nyumbani. Waliita kwenda kuoga.

Vyuma huoshwa kwa maji ya moto, santuri kwa ya baridi. Siku ile binti alikuwa amewasha kipashio cha maji kwa ajili ya vyuma, na yeye hakuangalia. Akaingia mgonjwa anayevuja damu. Alimshughulikia dakika ishirini. Alipogeuka, maji yalikuwa yanatoa mvuke.

"Ungemwambia."

"Nilikwenda kumwambia. Nilifika mpaka mlangoni. Afande, mke wake yumo mle ndani. Unamwambiaje mtu kuwa umemchemshia mke?"

"Ukanunua nyingine. Na ulijua hataona tofauti, kwa sababu ulijua hasikii tena sauti nyembamba."

Daktari alifumba macho chini ya taa. "Miaka mitatu sasa. Pale pa mluzi anatikisa kichwa na kutabasamu, na wakati mwingine anatabasamu mapema mno. Sijawahi kumwambia. Na yeye hajawahi kuniambia."

"Na mwanamke wa jikoni, tangu Jumanne analala juu ya boksi. Yeye ulimpangia nini?"

"Nilidhani watakosa ushahidi wamwachie. Ukweli ni kwamba sikumfikiria."

"Liandike hivyohivyo," Inspekta alisema, akampa kalamu.

Saa tisa na nusu Mama Pacha alitia sahihi ya kupokea leso yake, ufunguo wake na ratiba yake. Konstebo alimfungulia mlango, na Inspekta akamtuma pia amtafutie maji ya kunawa. Kilichobaki kwa Daktari, kuacha mtu akae ndani huku akijua, kingekwenda kwa mkuu wa kituo Jumatatu, na Inspekta alimweleza Daktari hivyo garini bila kupunguza wala kuongeza. Mama Pacha alikaa kiti cha mbele. Njia nzima hakugeuka nyuma alikoketi Daktari.

Mzee aliwafungulia wote watatu. Daktari alisimama katikati ya sebule, akasema kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, mara moja, kuanzia kipashio mpaka duka la santuri. Kisha akatoa kile kitambaa.

Mzee alivaa glavu, akaishika sahani kwa ncha za vidole, akaenda nayo dirishani. Akaiinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akaizungusha polepole, kama alivyoangalia vifua na mbavu za watu miaka thelathini na nne.

"Ukingo ndio umeharibika," alisema hatimaye. "Wimbo wa kwanza umekwenda, na sehemu ya wa pili. Kati pako sawa." Bado alikuwa anaangalia sahani. "Ulijua habari ya masikio yangu."

"Nilijua, ndugu yangu."

"Ijumaa zote hizo."

"Zote."

Mzee alishusha mkono. Alimgeukia Mama Pacha, ambaye alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni na mkoba wake begani, kama mtu ambaye hajaamua kama ameingia.

"Wewe uliniambia."

"Nilikuambia."

"Nikasema hukusikia."

"Halafu ukaniitia polisi."

Mzee alianza kuomba radhi. Alianza vizuri, lakini Mama Pacha alimwinulia kiganja.

"Hiyo radhi, Mzee, nitaipokea siku utakayokuwa umevaa mashine ya masikio. Nina mambo ya kukujibu, na sitaki kuyarudia mara mbili. Kesho naanzia kwa wanangu. Jumatatu, ukishakwenda kupimwa, tutaongea habari za kazi."

"Jumatatu," Mzee alisema.

"Asubuhi."

"Asubuhi."

Inspekta alikuwa bado anahitaji kitu kimoja ili afunge faili: kuthibitisha kuwa sahani ile ndiyo yenyewe. Namba ya pembeni mwa lebo ililingana na ile ambayo Mzee aliitaja kwa kichwa. Ilitosha. Hata hivyo aliuliza kama inaweza kupigwa.

Mzee aliiweka juu ya gramafoni. Ukingo ulipanda na kushuka, na sindano ingeruka kama ingewekwa pale. Aliubeba mkono wa gramafoni kwa kidole, akaupitisha juu ya mawimbi, akautua mahali ambapo sahani ilikuwa imetulia, mwisho wa wimbo wa pili. Spika zilikwaruza. Kisha ukumbi mzima ukafunguka: gitaa likimalizia, ngoma, makofi ya watu wengi sana, mmoja anacheka karibu na kinasa sauti. Makofi yakaanza kufifia.

Mzee alikuwa ameinama mbele, macho kwenye sahani. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja basi ambalo hana hakika kama limeshapita.

Mama Pacha alishusha mkoba sakafuni. Akainua mkono, kidole kimoja juu.

Mluzi ukaja. Ulianzia chini, ukapanda, na kidole kikapanda nao. Ukakaa juu kwa muda, mwembamba, bila kutetereka. Ukashuka taratibu, na kidole kikashuka. Mzee hakuangalia tena sahani. Alikiangalia kidole mpaka kiliporudi ubavuni.

Wimbo wa tatu ulipoanza, hakuna aliyekuwa anausikiliza. Daktari alikuwa amegeukia ukuta wa bahasha za kaki. Inspekta alitazama saa, akaandika saa kumi na moja na dakika kumi, akafunga faili.

Mzee alinyanyua sindano, akairudisha nyuma kidogo.

"Tena," alimwambia Mama Pacha. "Na safari hii usishushe mkono haraka."

"Mimi sishushi, Mzee," Mama Pacha alisema, akainua kidole. "Anayeshusha ni mkeo."